Kumlaza mtoto mchanga: kitanda, neti, mbeleko na pumzi yake

Mzazi anayetoka wodini na kichanga hupokea maagizo mengi kwa siku moja. Muuguzi anamwambia amlaze mtoto chali. Akifika nyumbani, bibi wa mtoto anamgeuza kifudifudi, maana akicheua akiwa chali atapaliwa. Jirani anasema ubavu ndio salama. Kwenye simu kuna video ya Marekani inayoonyesha mtoto yuko peke yake kwenye kitanda cha fito, hana shuka wala neti, wakati mzazi huyu ana chumba kimoja, kitanda cha futi tano kwa sita, mume, mtoto wa miaka mitatu, na mbu.

Ushauri huo wote hauna uzito sawa. Upo uliopimwa kwa miaka mingi ukathibitika, upo unaotegemea mazingira ya nyumba, na upo wa kuachwa kabisa. Ili kuupambanua inabidi kuanzia kwenye pumzi, kwa sababu karibu kila sharti la kumlaza mtoto limetoka hapo.

Jinsi kichanga anavyoishiwa hewa

Kichwa cha mtoto mchanga ni kizito kuliko nguvu ya shingo yake. Uso ukielekea godoro, hana uhakika wa kuuinua na kuugeuza. Miezi ya mwanzo hupumua zaidi kwa pua, na pua ikizibwa na mkunjo wa shuka hakimbilii kupumua kwa mdomo upesi kama mtu mzima. Njia yake ya hewa ni nyembamba na laini, hivyo kidevu kikigandamana na kifua, njia hiyo inabanika.

Liko pia jambo lisiloonekana kwa macho, nalo ni hewa iliyokwisha kutumika. Uso ukizama kwenye kitu laini, iwe mto, blanketi la manyoya au godoro la sponji lililochoka, pumzi anayotoa inabaki palepale mbele ya pua, naye anaivuta tena. Oksijeni inapungua kila anapovuta. Mtu mzima angeshtuka, akajigeuza na kuendelea kulala. Mtoto wa miezi miwili au mitatu kuna nyakati hashtuki.

Mwaka 1994 watafiti wa Marekani, Filiano na Kinney, walieleza kwamba vifo vya ghafla vya usingizini hutokea pale mambo matatu yanapokutana: mtoto mwenye udhaifu uliojificha, hasa katika sehemu ya ubongo inayosimamia pumzi na kuamka, umri wa hatari, na kichocheo cha nje kama kulala kifudifudi, kufunikwa uso au joto kupita kiasi. Udhaifu huo hakuna kipimo cha kawaida cha kliniki kinachouonyesha. Umri nao haukwepeki: vifo vingi zaidi huangukia kati ya mwezi wa pili na wa nne, na takriban tisa kati ya kumi hutokea kabla ya miezi sita. Kinachobaki mikononi mwa wazazi ni hicho cha tatu, na ndiyo maana kinasisitizwa kila mahali.

Kifo cha namna hiyo ni tofauti na kuzibwa pumzi na mto, kubanwa kati ya godoro na ukuta, au kulaliwa na mtu mzima, ambako chanzo kinajulikana. Kwetu tofauti hizo mara nyingi hupotea, kwa kuwa mtoto anayefia nyumbani huzikwa upesi bila uchunguzi wa maiti. Basi watu hujaza pengo wenyewe: kijicho, degedege, chanjo, au mama "kamlalia". Hilo la chanjo linafaa kujibiwa moja kwa moja. Tanzania na Kenya mtoto hudungwa akiwa na wiki 6, 10 na 14, yaani ndani ya miezi ileile ambayo vifo vya ghafla huwa vingi, hivyo mambo hayo mawili yanaweza kufuatana bila moja kusababisha jingine. Tafiti zimeonyesha kwamba waliochanjwa hawamo hatarini zaidi. Hatari yao ni ndogo kuliko ya wasiochanjwa.

Chali, na hofu ya kupaliwa

Mtoto alazwe chali kila usingizi, wa usiku na wa mchana, hadi atimize mwaka mmoja.

Hofu ya bibi ni ya kweli katika nia yake, ila maumbile yanasema vingine. Mtoto akiwa chali, njia ya hewa inakaa juu na umio, yaani njia ya chakula, inakaa chini yake. Maziwa yakipanda kutoka tumboni, ili yaingie kwenye njia ya hewa lazima yapande juu zaidi. Kwa kawaida hurudi chini, au mtoto huyameza, au humwagika pembeni ya mdomo. Mgeuze kifudifudi na mpangilio unageuka: njia ya hewa sasa iko chini, na maziwa yaliyopanda yana mteremko wa kuelekea huko. Ubavu nao si nafuu, kwa sababu mtoto hatulii ubavuni. Hupinduka, na akipindukia mbele anaishia kifudifudi bila mtu kujua.

Anayecheua sana acheulishwe wima begani, kisha alazwe chali mahali tambarare. Kumwinulia kichwa kwa mto hakupunguzi kucheua. Kunamfanya ateleze hadi kidevu kiguse kifua. Madaktari wa watoto wa Marekani katika mwongozo wao wa 2022 wanataka sehemu ya kulala isiinuke zaidi ya nyuzi 10, kiasi ambacho kwa macho ni kama hakuna mwinuko.

Akina mama wa zamani husema, "Sisi tuliwalaza kifudifudi na wamekua." Ni kweli, tena hata hospitali za Ulaya na Marekani zilishauri hivyo kwa miongo kadhaa. Kilichobadilisha mambo ni hesabu ya vifo. Uholanzi iliacha ushauri huo mwaka 1987, New Zealand ikafuata baada ya utafiti wake wa mwishoni mwa miaka ya 1980, Uingereza ikaanza kampeni yake ya chali mwishoni mwa 1991, na Marekani mwaka 1994. Kila kampeni ilipofika, vifo vya ghafla vya usingizini vilishuka, na Marekani vilipungua kwa zaidi ya nusu. Hakuna dawa mpya iliyoingia wala mashine. Wazazi waliwageuza watoto tu. Wengi waliolala kifudifudi wakakua ni wale ambao udhaifu ule wa ndani hawakuwa nao, na hakuna anayeweza kumtazama kichanga akasema anao au hana.

Akishajua kujigeuza mwenyewe, kutoka mgongoni kwenda tumboni na kurudi, mwache katika mkao aliouchagua, lakini wewe endelea kumlaza chali. Ajabu ni kwamba mtoto aliyezoea chali akilazwa kifudifudi siku moja tu, na mtu asiyejua, hatari yake huwa kubwa kuliko ya yule aliyezoea kulala hivyo.

Kichwa bapa kwa nyuma ni tatizo dogo lenye dawa rahisi. Leo mlaze kichwa kikiwa upande wa mlango, kesho upande wa dirisha, ili apende kugeukia pande zote. Mchana akiwa macho, mlaze kifudifudi juu ya mkeka au kifuani kwako huku ukimtazama: anza na dakika mbili au tatu, mara mbili au tatu kwa siku, ukiongeza polepole. Shirika la Afya Duniani linashauri jumla ya dakika 30 kwa siku kwa mtoto ambaye bado hatambai. Mito midogo yenye tundu inayouzwa kuwa hutengeneza kichwa haina kazi kitandani kwa mtoto. Waachie wauzaji.

Kitanda kimoja

Hapa ndipo ushauri wa kigeni unapogongana na nyumba zetu, na wataalamu wenyewe hawakubaliani. Madaktari wa watoto wa Marekani wanasema mtoto alale chumba kimoja na wazazi kwa angalau miezi sita, ila si kitanda kimoja. Huduma ya afya ya Uingereza inakubali kwamba wazazi wengi watalala na mtoto, wapende wasipende, hivyo inaeleza namna ya kupunguza hatari na inataja pale ambapo haifai kabisa. Kwa familia zetu njia ya pili ina akili zaidi. Ukimkataza mama kitanda bila kumpa mbadala, atanyonyesha saa tisa usiku akiwa ameketi kwenye kochi ili "asipitiwe", na atapitiwa. Kochi ndilo mahali pabaya kuliko yote: mtoto huteleza akaingia kati ya mwili wa mzazi na mto wa kochi, uso ukazama kwenye kitambaa, na mzazi hana habari. Ukihisi usingizi unakuja, nyonyesha umelala kitandani kulikotayarishwa, usinyonyeshe umeketi.

Alale kitanda chake pembeni yako, umbali wa mkono, ikiwa:

- alizaliwa kabla ya wiki 37 au chini ya kilo 2.5;
- mama alivuta sigara akiwa mjamzito, au yeyote kitandani anavuta, hata kama anavutia nje;
- yeyote kitandani ametumia pombe, bangi, au dawa inayoleta usingizi, zikiwemo nyingi za mafua na mzio;
- mzazi amechoka kiasi kwamba haamki mtoto akilia.

Kwa kichanga wa kundi la kwanza kuna jambo linalowachanganya wengi: hospitali inamwambia mama ambebe kifuani ngozi kwa ngozi mchana na usiku, kisha huku anaambiwa asilale naye. Malezi ya kangaruu yalianzia Bogotá, Colombia, mwaka 1978, na Shirika la Afya Duniani linayapendekeza kwa saa 8 hadi 24 kwa siku. Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi tano za utafiti wake uliochapishwa 2021, ulioonyesha kwamba kuyaanza mapema hupunguza vifo vya watoto wenye uzito pungufu. Katika malezi hayo mtoto amefungwa wima kifuani kwa kitambaa maalumu, kichwa kimegeuzwa upande, shingo imenyooka, na mama ameegemea nusu-kuketi huku wahudumu wakifuatilia. Ni mkao tofauti kabisa na kumlaza huru kwenye godoro kati ya watu wazima. Mama akimfungua, mtoto arudi chali kwenye kitanda chake.

Kwa mama aliyejifungua mtoto wa miezi kamili, anayenyonyesha, asiye na lolote katika yale manne, kazi iliyobaki ni kutayarisha kitanda, na kinaanza na godoro. Godoro la sponji la miaka mingi huwa na shimo katikati, na mtoto huviringika kuelekea mwili mzito ulio karibu. Weka chungwa mahali mtoto atakapolala, kisha ulale mahali pako. Likibingirika kukujia, na mtoto atakuja. Geuza godoro upande wa pili au kichwa-miguu. Lisipotulia, tandika mkeka na blanketi moja lililokunjwa vizuri sakafuni, pagumu, mtoto alale hapo.

Tazama ukuta. Watu husukuma kitanda ukutani ili mtoto asianguke, na wiki moja baadaye godoro limesogea sentimita kumi. Mtoto anayeingia katika ufa huo hukwama kifua au uso. Vidole viwili visipite kati ya godoro na ukuta. Vikipita, usijazie kwa mito wala nguo, kwa sababu ufa unakuwa laini badala ya kuziba. Kilicho bora, ukiweza, ni kuteremsha godoro sakafuni mbali na ukuta kwa miezi hii sita. Kuanguka kutoka inchi nane si kitu ukilinganisha na kukwama. Chini ya godoro tandaza mkeka au nailoni, na kila asubuhi liinue lipate hewa, maana sakafu ya saruji huleta unyevu na ukungu.

Mpangilio wa watu ni mtoto, kisha mama, kisha baba; mtoto mkubwa alale upande wa baba au mkeka wake. Asiwe kati ya wazazi wawili. Baba anaweza kuwa mtu makini sana, lakini mama anayenyonyesha hulala akimwelekea mtoto na huamka kwa mtikisiko mdogo, jambo ambalo watafiti wanaorekodi usingizi wa mama na mtoto wameliona tena na tena. Huwa analala ubavu, mtoto akiwa usawa wa titi na si usawa wa mto, magoti ameyakunja chini ya nyayo za mtoto, mkono wa juu umepita juu ya kichwa chake. Mkao huo unazuia mtoto asipande kwenye mito wala asishuke chini ya shuka. Mito ya wakubwa ibaki vichwani mwao. Jifunike kuanzia kiunoni. Juu vaa kitu chenye mikono ili baridi isikulazimishe kuvuta blanketi. Rasta ndefu zifungwe nyuma, na mtandio au khanga uliyojitanda ivuliwe. Akishashiba, mgeuze chali.

Kitanda cha mtoto si lazima kiwe cha duka la kifahari. Kinachotakiwa ni uso mgumu, tambarare, usio na kitu kingine ila shuka moja lililobanwa. Finland imekuwa ikiwapa wazazi boksi la karatasi ngumu tangu 1938, ambalo leo huwa na godoro dogo, na watoto wamelala humo. Kitanda cha fundi seremala kipimwe: kopo la soda lisiweze kupita kati ya fito mbili, kwa kuwa nafasi inayozidi sentimita 6 inapitisha mwili wa mtoto na kukinasa kichwa. Godoro lijae kitanda chote. Zile pambo za sponji zinazofungwa kuzunguka fito, pamoja na midoli na mito yenye jina la mtoto, ziondoke. Marekani ilipiga marufuku kuuza pambo hizo mwaka 2022.

Neti

Video za ughaibuni hazina neti kwa sababu huko hakuna malaria. Hapa mtoto asiye na neti yumo katika hatari kubwa zaidi kuliko ile ya kitambaa chenyewe, kwa hiyo neti ibaki, iwekwe tu kwa ustadi. Chandarua chenye dawa unachopewa kliniki wakati wa ujauzito kianikwe kivulini saa 24 kabla ya kutumika, kisha kitungikwe juu, kikazwe, kichomekwe chini ya godoro pande zote. Tatizo huanza kinapolegea: kitambaa kinaning'inia usoni kwa mtoto, au yeye analala ameegemea, na mbu anamuuma kupitia matundu. Acha nafasi ya shubiri moja kati ya mtoto na neti.

Neti ya mwavuli ya watoto inafaa miezi ya mwanzo, kwa masharti. Toa kile kimto kinachokuja nayo. Iweke juu ya kitu kigumu, si katikati ya godoro linalobonyea. Nyingi hazina dawa, kwa hiyo kagua matundu. Mtoto akianza kusukuma na kujiviringisha, muda wake umekwisha, kwani anaweza kuipindua akabaki na uso kwenye kitambaa. Dawa ya mbu ya kuchoma isiwashwe ndani ya chumba kilichofungwa na kichanga yumo.

Joto, baridi na jiko la mkaa

Mtoto wa Dar es Salaam mwezi Februari huvikwa kofia, soksi, glavu, sweta na shali ya manyoya, kisha watu wanashangaa analia. Joto kupita kiasi humfanya alale usingizi mzito na kuamka kwa shida, na ni kichocheo kinachojulikana cha vifo vya ghafla. Kanuni ya kawaida ni vazi moja zaidi ya unalohitaji wewe ili uwe na raha; Pwani wakati wa joto hiyo ni fulana nyepesi na nepi. Usipime joto kwa viganja na nyayo, ambavyo kwa kichanga huwa vya baridi hata akiwa sawa. Weka vidole kwenye kisogo au kifuani: akiwa na jasho au amechemka, mpunguzie.

Kofia ina mahali pake. Saa za kwanza baada ya kuzaliwa, na kwa mtoto mwenye uzito pungufu, inazuia kupoteza joto. Kwa mtoto mzima wa mwezi mmoja aliyelala ndani haina faida, inamzuia kupoza mwili na inaweza kushuka usoni. Feni haina ubaya ikiwa haimpulizi usoni.

Makete, Lushoto au Limuru mambo ni mengine, baridi ni ya kweli. Ongeza tabaka za nguo, si uzito wa blanketi. Ikibidi afunikwe, tumia blanketi jepesi, nyayo zake ziguse mwisho wa kitanda, blanketi lifike kifuani na kuchomekwa pande zote ili lisipande. Chupa ya maji ya moto ipashe kitanda, kisha iondolewe kabla mtoto hajalazwa.

Jiko la mkaa lisilale chumbani na watu hata siku moja. Mkaa unapoungua bila hewa ya kutosha hutoa kaboni monoksaidi, hewa isiyo na rangi wala harufu, inayoshika damu mahali pa oksijeni. Mkaa uliokwisha kuwa mwekundu bila moshi ndio unaodanganya zaidi, kwa sababu watu huona umeshakuwa salama. Kichanga hupumua haraka kuliko mtu mzima, hivyo huanza kudhurika mapema, na hawezi kusema kichwa kinamuuma. Anayemkanda mzazi kwa maji ya moto au kufukiza udi afanye hivyo mlango uko wazi, na jiko lirudi nje kazi ikiisha.

Mbeleko na vinginevyo

Mgongoni mtoto yu salama maadamu uso unaonekana. Kichanga asiyekaza shingo abebwe mbele, wima, kidevu kisiguse kifua, na pua isizame kwenye nguo zako. Kwenye daladala watu humfunika kichwa kizima kwa shali kumkinga na vumbi; ndani ya shali hiyo joto linapanda na hewa inabaki ileile. Akishalala, ukifika mlaze chali mahali pake. Hivyohivyo kiti cha gari: ni cha safari, si cha kulala nyumbani.

Kumviringisha kwa khanga kunawatuliza wachanga wengi. Nyonga na miguu iwe huru kukunjuka, kifua kisibanwe, alale chali tu, na uache mara aonyeshapo dalili za kujipindua, ambayo huweza kuwa mwezi wa tatu. Shanga, uzi au hirizi ya shingoni ivuliwe anapolala. Wazee wakisisitiza, kuna familia zinazoifunga kwenye kitanda, mbali na mkono wake. Dawa za mafua zinazosinziza asipewe ili alale, kwani zinapunguza uwezo wake wa kushtuka. Kunyonyesha, kwa upande wake, ni kinga halisi: uchambuzi wa tafiti uliotolewa 2017 ulionyesha kuwa miezi miwili tu ya kunyonyesha inaendana na nusu ya hatari.

Haya yote hayasaidii kama anayajua mama peke yake. Katika arobaini mtoto hupita mikononi mwa bibi, shangazi, wifi na dada wa kazi, na kila mmoja humlaza alivyozoea. Kubishana na mama mkwe kuhusu nani alilea vizuri hakufiki popote. Maneno ya namna hii hufika: "Mama, kliniki wamenisisitiza tumlaze chali, na wamesema akibadilishiwa mkao ndiyo hatari. Naomba unisaidie kuwaambia na wengine." Bibi aliyekabidhiwa ulinzi huo huusimamia kuliko mama mwenyewe. Dada wa kazi aonyeshwe kwa vitendo, siku ya kwanza, tena akilazwa usingizi wa mchana.

Pumzi ya kawaida, na isiyo ya kawaida

Kichanga hupumua bila mpangilio: haraka, polepole, kisha anatulia sekunde tano hadi kumi, halafu anaendelea. Hilo ni la kawaida. Kutulia kunakofika sekunde 20, au midomo kugeuka rangi ya bluu au kijivu, ni dharura. Hesabu pumzi kwa dakika nzima akiwa ametulia. 60 au zaidi kwa aliye chini ya miezi miwili, ukihesabu mara mbili, ni haraka mno. Mpeleke kituo cha afya pia kifua kikibonyea ndani anapovuta, akikataa kunyonya, akipata degedege, akilegea asisogee hadi aguswe, au joto la mwili likifika 37.5 au kushuka chini ya 35.5.

Ukimkuta hapumui, msugue nyayo kwa nguvu na umwite huku ukipiga kelele ya msaada. Asipojibu, mlaze chali sakafuni, uso ukitazama dari, kidevu kikiinuliwa kidogo tu; kichwa kikipinduliwa nyuma sana njia ya hewa inajifunga. Funika mdomo na pua yake kwa mdomo wako, pulizia pumzi tano ndogo, sekunde moja kila moja, ukitazama kifua kikiinuka. Kama bado hakuna dalili ya uhai, zungushia mikono kifua chake, weka vidole gumba viwili katikati ya kifua, chini kidogo ya mstari wa chuchu, ubonyeze hadi theluthi moja ya unene wa kifua, takriban sentimita 4, mara 30, kwa kasi ya 100 hadi 120 kwa dakika. Pulizia mara mbili, bonyeza tena 30, na uendelee hata mkiwa njiani kwenda hospitali. Usimtikise, usimninginize kichwa chini, usimmwagie maji. Akirudiwa na pumzi bado apelekwe siku hiyohiyo, kwa sababu kilichomsimamisha, kama ni nimonia, maambukizi kwenye damu au moshi wa mkaa, kinaweza kuwa bado kipo.